Harusi iko Tanga, sisi tuko Likoni: karatasi gani zitatuvusha Horohoro?

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni mkaazi wa Likoni. Binti ya ndugu yangu anaolewa Tanga wiki tano kutoka sasa, na tunataka kwenda kwa basi. Mimi nina pasipoti. Mamangu ana miaka 67 na hana ila kitambulisho. Tutakuwa pia na mpwa wangu wa miaka tisa, ambaye wazazi wake wako Qatar kikazi. Kakangu atatufuata na gari lake. Kila ninayemuuliza anasema lake: wengine wasema Afrika Mashariki siku hizi ni kitambulisho tu, wengine wasema bila chanjo utarudishwa, na binamu yangu ashikilia tupite njia za panya za Vanga tuepuke usumbufu. Nilitaka pia kubeba leso kiasi nikauze huko, nirudishe nauli. Baada ya harusi huenda tukavuka Pemba kuwaona jamaa. Tuanze na lipi?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam, dada yangu, na hongereni kwa harusi.

Kwanza la viza. Mkenya haombi viza kwenda Tanzania, na pasi ya mgeni mnayogongewa mpakani haina malipo. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inasema hivyo: raia wa nchi mwanachama anayekwenda kutembea hupewa pasi bure, na kanuni zake zinaruhusu hadi miezi sita. Kwa hiyo mtu yeyote atakayewaambia kwamba kuna "pesa ya muhuri" ya abiria wa kawaida, iwe ni kijana aliyesimama nje ya kituo au mtu anayejifanya wakala wa basi, msimpe hata shilingi. Gharama zenu za karatasi mtazilipia hapa hapa Mombasa, kwa risiti.

Kitambulisho sasa. Wanaokuambia kitambulisho kinatosha hawakudanganyi, ila wanazungumzia mpaka mwingine. Tangu mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zimekubaliana raia wao wavuke kwa kitambulisho cha taifa. Ukipanda basi la Kampala ukafika Malaba au Busia, kitambulisho chako kitakuvusha. Tanzania haimo katika mapatano hayo. Itifaki yenyewe iliiachia kila nchi ichague kama itapokea vitambulisho, na Tanzania hadi leo inataka hati ya kusafiria. Horohoro, Holili, Namanga, Sirari, kote ni hivyo. Mamako akifika na kitambulisho peke yake, ataambiwa arudi, na nimeona wazee wakishushwa na mizigo yao huku jamaa zao wakilazimika kuchagua nani aendelee na nani abaki naye. Sitaki liwafike nyinyi.

Hati zinazokubalika ni pasipoti, au kibali cha muda cha kusafiria ndani ya Afrika Mashariki kinachotolewa na Uhamiaji wa Kenya. Kwa mamako mimi ningechukua kibali cha muda. Pasipoti ya kurasa 34 siku hizi ni shilingi 7,500, maombi yake yanapitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha kuna siku ya kwenda kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, kisha kuna kungoja. Wiki tano zinaweza kutosha na zinaweza zisitoshe, na harusi haingoji. Kibali cha muda ni karatasi nyepesi, hupatikana haraka zaidi, na kwa safari ya Tanga kina nguvu ile ile ya kumvusha. Ombeni kupitia eCitizen, kisha mwende ofisi ya uhamiaji hapa Mombasa na kitambulisho chake halisi, nakala zake, cheti cha kuzaliwa kama anacho, na picha ndogo za pasipoti. Akishapewa, someni pale pale tarehe ya mwisho iliyoandikwa, na muangalie jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Wazee wetu wengi wana majina mawili matatu, jina la nyumbani na la kitambulisho, na tofauti ya herufi moja humfanya afisa asite.

Na wewe mwenye pasipoti, ifungue leo. Angalia kwamba ni ile mpya ya kielektroniki; zile za zamani zisizo za kielektroniki Kenya iliacha kuzitambua mwishoni mwa Novemba 2022, na bado wako watu wanaozitoa kabatini siku ya safari. Angalia pia kwamba imebakisha angalau miezi sita na ina ukurasa mtupu.

Sasa nije kwenye la kuanza nalo, kwa sababu ndilo lenye siku ambazo huwezi kuzifupisha kwa pesa wala kwa kujuana: chanjo ya homa ya manjano. Tanzania inataka cheti cha chanjo hiyo kwa kila msafiri wa kuanzia umri wa mwaka mmoja anayetoka nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, na Kenya imo katika orodha. Utasikia mtu akibisha kwamba Mombasa hakuna homa ya manjano. Ni kweli kwamba Shirika la Afya Duniani, linapowashauri watalii, halisisitizi chanjo kwa anayekuja kukaa pwani yetu tu au Nairobi. Lakini hayo ni mashauri kwa anayeingia Kenya. Afisa wa afya wa Horohoro hakuulizi unatoka mtaa gani. Anaangalia nchi, na nchi yako ni Kenya.

Cheti huanza kuhesabiwa siku ya kumi baada ya kuchanjwa. Ukichanjwa Jumatatu ukasafiri Jumatano, kadi yako ni halisi, sindano umeipata, na bado haikufai kitu. Ndiyo maana nasema mwende wiki hii. Habari njema ni kwamba sindano ni moja kwa maisha: tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti hakina mwisho wa miaka kumi kama zamani. Kwa hiyo kama wewe ulichanjwa miaka mingi nyuma kwa safari nyingine, itafute kadi yako ya manjano. Ingali hai hata kama juu yake pameandikwa tarehe ya mwisho. Chanjeni mahali palipoidhinishwa tu, na hapa mjini Kitengo cha Afya ya Bandari kitawaelekeza. Kadi inayouzwa bila sindano msiikaribie. Ukiachilia kwamba ni kosa la jinai, mbu hasomi kadi.

Kwa mtoto wa miaka tisa hakuna neno, achanjwe. Mamako ndiye wa kuangaliwa. Kwa aliyepita miaka 60 na hajawahi kuchanjwa, madhara makubwa ya chanjo hii, ingawa ni nadra, hutokea zaidi kuliko kwa vijana, kwa sababu ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Asichanjwe foleni-foleni kama kijana. Mpelekeni kwanza kwa daktari anayemjua, mtaje dawa zote anazotumia na maradhi aliyonayo, hasa kama kuna lolote linalopunguza kinga ya mwili, au kama mayai humdhuru. Daktari akiona hafai kuchanjwa, kuna utaratibu rasmi: humwandikia hati ya msamaha wa kitabibu, yenye sahihi na muhuri, na kadi ya chanjo yenyewe ina mahali pa kuandika msamaha huo. Mpakani afisa wa afya anaipokea na kuitazama. Anaweza kumuuliza maswali, anaweza kumshauri namna ya kujikinga na mbu, ila si sawa na mtu aliyekuja mikono mitupu. Ukiwa na mjamzito katika msafara wenu, naye apite njia hiyo hiyo ya daktari.

Nikija kwa mpwa wako, nakuomba usome hapa polepole, maana kati ya wote watatu yeye ndiye msafiri mgumu, kuliko hata mamako.

Mtoto hasafiri tena ndani ya pasipoti ya mzazi wala kwa kushikwa mkono na shangazi. Lazima awe na hati yake mwenyewe, pasipoti au kibali. Na kwa sababu asafiri na mtu asiyekuwa mzazi wake, maafisa wa pande zote mbili wana haki ya kukuuliza: huyu mtoto ni nani kwako, wazazi wako wapi, na wanajua? Kenya ina sheria kali ya kupambana na biashara ya kusafirisha watu tangu 2010, na wako wanaopitisha watoto wa watu mipakani kwa jina la kwenda harusini au kwenda kusoma. Afisa akikuhoji kwa dakika kumi mbele ya abiria wengine, usione anakudhalilisha. Angalikuwa mtoto wako anapitishwa na mtu mwingine, ungetaka aulizwe ishirini.

Basi mwandalie majibu ya maandishi. Cheti chake cha kuzaliwa, halisi na nakala. Nakala za pasipoti za baba na mama, ukurasa wa picha na ukurasa wa kibali chao cha kukaa Qatar. Na barua ya idhini, ambayo ndiyo mzizi wa yote. Barua hiyo iandikwe na wazazi wote wawili na itaje majina yao kamili na nambari za pasipoti, jina la mtoto na tarehe yake ya kuzaliwa, jina lako na nambari ya pasipoti yako, udugu wenu, mahali mnapokwenda, nyumba mtakayofikia, siku ya kwenda na siku ya kurudi, na nambari za simu ambazo wazazi watapokea. Hiyo ya mwisho watu huisahau, na mara nyingi ndiyo humaliza mazungumzo: afisa apiga simu, mama ajibu, mambo yakwisha.

Sahihi za wazazi zithibitishwe. Wangekuwa hapa, wangeenda kwa wakili wakaapa. Kwa kuwa wako Qatar, ubalozi wa Kenya ulioko Doha ndio mahali pa kuthibitisha, kisha karatasi halisi itumwe kwenu na mtu anayerudi au kwa huduma ya vifurushi. Picha ya barua kwenye simu ni msaada wa pili, isiwe tegemeo. Hesabu mwenyewe: kuandika, miadi ya ubalozi, kutuma. Hizo ni wiki. Wapigie leo usiku, na waambie pia kwamba ofisi ya uhamiaji Mombasa itataka idhini yao hiyo hiyo na nakala za vitambulisho vyao kabla ya kumpa mtoto hati ya kusafiria. Kwa hiyo ikiwezekana waandike barua mbili, moja ibaki na ofisi, moja mwende nayo. Kama mmoja wa wazazi ametangulia mbele ya haki, cheti cha kifo. Kama wametengana, karatasi ya mahakama ya malezi. Siulizi ya ndani ya nyumba yenu, nataja tu kwa sababu ndiyo yanayokwamisha watu.

Sasa la binamu yako na Vanga. Najua anakotokea. Wadigo na Wasegeju wako pande zote mbili za mpaka huu, watu wanaoana, wanazikana na kuvua samaki maji yale yale. Mstari wenyewe ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, ukaanzia pale mdomoni pa mto Umba, na hakuna aliyewauliza wenyeji. Wazee wa kule wanakumbuka pia mpaka ulipofungwa kabisa kuanzia Februari 1977, Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika, hadi mwishoni mwa 1983. Njia za panya zilipata wateja wengi wakati huo, na desturi haifi upesi. Mtu wa kijiji cha mpakani anayevuka kwenda kwa shemeji yake na kurudi magharibi ana maisha yake, nami simhukumu.

Lakini nyinyi mnakwenda mjini Tanga, na mzee, na mtoto asiye wenu wa kumzaa, na baadaye mwataka kupanda meli ya Pemba. Bila muhuri wa kuingia nyinyi ni wahamiaji haramu tangu hatua ya kwanza. Hata pasipoti yako nzuri itakuwa shahidi dhidi yako, kwa maana itaonyesha kwamba hukutoka Kenya wala hukuingia Tanzania. Mkisimamishwa barabarani, kunaweza kuwa na mahabusu, mahakama, faini au kifungo, na kufukuzwa nchini kwa rekodi itakayowafuata safari nyingine. Na mtu mzima aliyekutwa amempitisha mtoto wa watu vichochoroni, bila barua wala muhuri, atajieleza vipi? Hata mkiugua, mkiibiwa, mkipata ajali na mkahitaji polisi, mtaogopa kwenda. Mwambie binamu kwamba usumbufu anaoukimbia ni wa saa moja, ukiwa na karatasi, na anakowapeleka hakuna anayejua utakwisha lini. Mimi katika hili sina njia ya katikati: msipite Vanga.

Leso. Hapa nitakuvunja moyo kidogo. Zawadi za bibi harusi na za mawifi, kiasi kinachoonekana ni cha harusi, bebeni, na mkiulizwa na forodha semeni ni zawadi na mfungue mzigo bila kusukumwa. Kuuza ni jambo jingine. Unaingia kama mgeni wa kutembea, na pasi hiyo hairuhusu kazi wala biashara. Zaidi ya hapo, mwishoni mwa Julai 2025 serikali ya Tanzania ilitoa amri inayowakataza wasio raia kufanya biashara za aina 15, na ya kuuza bidhaa kwa rejareja na kwa jumla ni mojawapo, isipokuwa maduka makubwa ya kisasa. Adhabu ya mgeni ni faini isiyopungua shilingi milioni 10 za Tanzania, au kifungo kisichozidi miezi sita, na kufutiwa kibali cha kukaa. Amri hiyo ilizua malalamiko mengi hapa kwetu, nami pia naona haiendani na roho ya soko la pamoja. Lakini ndiyo iliyoko, na robota la leso halistahili hatari hiyo.

Utaambiwa pia kwamba kuna cheti rahisi cha uasili kinachosamehe ushuru kwa mizigo midogo. Kipo, kwa bidhaa za thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani. Sharti lake ni kwamba bidhaa iwe imetengenezwa ndani ya Jumuiya. Leso nyingi za Biashara Street zimechapishwa India au China. Kununuliwa Mombasa hakuzifanyi kuwa za Kenya. Kama kweli unaona soko Tanga, zungumza na ndugu zako walioko kule, ambao ni raia na wanaweza kuwa na leseni yao. Wao waagize, mzigo upite forodha kwa hati za biashara, nawe ubaki kuwa muuzaji wa Mombasa. Safari ya harusi iache iwe ya harusi.

Siku yenyewe ya safari si ngumu. Kutoka Likoni hadi Lunga Lunga ni kilomita mia moja hivi, kupitia Ukunda na Msambweni, na nyinyi mna bahati kwamba mko upande wa kusini tayari. Wenzenu wa kisiwani itabidi wavuke feri au wazunguke Dongo Kundu. Mpaka huu ni kituo cha pamoja, maana yake ukielekea Tanzania hushughulikiwi mara mbili kwenye majengo mawili. Unapita upande wa Lunga Lunga, unashuka jengo la Horohoro, na humo ndimo walimo maafisa wa nchi zote mbili. Hapo ndipo watu huchanganyikiwa: kwa kuwa ni chumba kimoja, mtu hudhani muhuri mmoja unatosha. Anzeni dirisha la Kenya mgongewe muhuri wa kutoka, kisha dirisha la Tanzania mgongewe wa kuingia, na dawati la afya mwonyeshe kadi za manjano. Mihuri miwili kwa kila mmoja, pamoja na mtoto. Kabla ya kurudi kwenye basi, soma siku ulizoandikiwa. Usitegemee ile miezi sita ya kanuni. Siku zako ni zile zilizoandikwa kwenye muhuri, na kupitiliza hata kwa siku chache ni kosa.

Mtaulizwa mnakwenda wapi, kwa nani, kwa siku ngapi. Jibu kwa ufupi na kwa ukweli. Kuwa na kadi ya mwaliko wa harusi, jina la mwenyeji, mtaa wake na simu yake, vikiwa vimeandikwa kwenye karatasi. Mpange kila mtu na bahasha yake, na bahasha ya mtoto uishike wewe. Mwambieni kondakta tangu Likoni kwamba mna mzee na mtoto, ili asiwaharakishe.

Mengine ya njiani nitayapitia upesi. Mifuko ya plastiki ya kubebea Tanzania iliipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo pakieni kwenye vikapu na mifuko ya nguo. Miraa na muguka kule ni dawa za kulevya kwa sheria, wala si jambo la faini ndogo. Kama kuna vijana katika msafara, wakaguliwe mifuko kabla ya kupanda, hata vijiti viwili vilivyosahaulika mfukoni. Hela badilisheni benki au duka la kubadilisha fedha lenye leseni, msibadilishe kwa vijana wa mpakani, kwani noti za Tanzania zina sifuri nyingi na mtu akihesabu kwa haraka huibiwa. Mtatumia shilingi za Tanzania tu. Ukibeba fedha zinazofika dola 10,000 au zaidi, jambo ambalo kwa mahari na zawadi za ukoo mkubwa hutokea, lazima zitangazwe forodha.

Kakako na gari lake: abebe logibuku, leseni yake ya udereva, na bima ya kadi ya manjano ya COMESA (soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika), ambayo anaipata kwa kampuni yake ya bima hapa Mombasa. Asiichanganye na kadi ya chanjo. Ni rangi moja tu. Tanzania ilitoka COMESA mwaka 2000 lakini ilibaki ndani ya mpango wa bima hiyo, na bima yake ya kawaida ya Kenya haimlindi akigonga mtu Muheza. Gari likiwa la mkopo, jina la benki limo kwenye logibuku, basi achukue barua ya benki inayomruhusu kulitoa nchini. Likiwa la mtu mwingine, barua ya mwenyewe. Mpakani forodha itampa kibali cha gari kuwa Tanzania kwa muda, kwa siku zilizoandikwa, na hizo pia azichunge. Kutoka Horohoro hadi Tanga ni lami nzuri ya kilomita 65 hivi. Vijijini mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na askari wa usalama barabarani wapo.

Pemba sasa. Zanzibar ni sehemu ya Jamhuri ya Muungano, hamtahitaji hati nyingine ya kusafiria, lakini ina maafisa wake wa uhamiaji na mgeni huonyesha pasipoti tena bandarini. Hapo ndipo mtakaposhukuru mlipita Horohoro. Kuna pia bima ya wageni ya Shirika la Bima la Zanzibar, iliyowekwa kuwa lazima tarehe 1 Oktoba 2024. Masharti yake kwa raia wa Afrika Mashariki myaulize kwenye shirika lenyewe au ubalozi mdogo wa Tanzania ulioko hapa Mombasa kabla ya kukata tiketi. Meli za Tanga na Pemba hazitembei kila siku, kwa hiyo mkipanga siku za kukaa, wekeni nafasi ya kungoja meli. Na mtakapotaja siku zenu kule Horohoro, tajeni za harusi na za Pemba kwa pamoja, na barua ya wazazi wa mtoto itaje Pemba pia. Barua inayosema Tanga peke yake haimfikishi Pemba.

Kwa mpangilio, basi: leo, simu ya Qatar na kufungua pasipoti yako. Wiki hii, daktari wa mamako, na chanjo yako na ya mtoto. Wiki hii pia, maombi ya kibali cha mamako. Barua ikifika kutoka Doha, hati ya mtoto. Yakikamilika hayo ndipo mnunue tiketi, si kabla.

Mkirudi, mambo ni yale yale kinyumenyume: mtashukia jengo la upande wa Lunga Lunga, muhuri wa kutoka Tanzania kwanza, kisha wa kuingia Kenya. Watu wakishaona bendera ya kwao hupenda kukimbilia basi. Msikimbilie. Pasi isiyogongwa muhuri wa kutoka huonekana kwa Tanzania kama mtu ambaye hajaondoka, na mwaka ujao bibi harusi akijifungua na mkitaka kwenda kumwona mtoto, mtakutana na swali hilo dirishani.